Filamu Iliyopigwa Tanga

Soko la Mgandini siku ya Jumamosi halina nafasi ya mtu kusimama akapiga picha, lakini Hafsa alisimama. Alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya chungwa, simu ameinyanyua juu ya vichwa vya watu. Alikuwa muuguzi wa zahanati huko Mwera, na likizo yake aliipangia jambo moja tu: kuona kwa macho yake kila mahali ilipopigwa ile filamu ya zamani ya mapenzi na vichekesho, waliyokuwa wakiitazama yeye na marehemu mama yake mpaka mkanda ukakatika.

"Dada, si hapo," mtu alisema nyuma yake. "Kapu la yule bibi wa kwenye filamu lilimwagika kule, kwa wauza nazi."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la bluu limenyooka kwa pasi, vumbi la mbao nyusini.

"Umejuaje ninachotafuta?"

"Umekanyaga nyanya za watu unapiga picha ukuta. Nini kingine?"

Aliitwa Sabiri, fundi samani wa Barabara ya Kumi na Mbili, na filamu ile aliijua kichwani.

"Nipeleke basi," Hafsa alimwambia. "Kote."

"Kote?"

"Sikuja Tanga kuona nusu."

Wakaenda stesheni, wakakalia benchi walilogombania wapenzi wa kwenye filamu. Wakaenda kwenye mnara wa saa, Sabiri akaigiza mwendo wa yule bwana mwenye kiatu kimoja, Hafsa akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mama?" Sabiri humuuliza.

"Nimekula. Wewe je?"

"Nakula huku nakusikiliza. Wali unapoa, nami sijali."

Mahali pa mwisho palikuwa ukuta wa pwani kule Raskazone, bwana yule alipoposea. Walipofika, Tausi, muuza maji ya miwa, alimkazia Sabiri macho.

"Leo umerudi? Na huyu naye umemleta kwenye ukuta wako?"

Hafsa alimgeukia Sabiri. "Umewaleta wangapi kabla yangu?"

Sabiri aliinamisha kichwa, asijibu. Hafsa akasimamisha bajaji, akaondoka.

Sabiri alimpigia simu siku nyingi, Hafsa asipokee. Kisha ukaja ujumbe wake: amepata kazi Mombasa, anaondoka asubuhi ya kesho, anamtakia heri.

Hafsa hakuwa mtu wa kulia chini ya shuka. Kulipokucha tu alikuwa Raskazone.

"Dada Tausi, niambie kweli. Sabiri huleta wanawake hapa?"

"Alimleta mmoja, mchumba wake Zuleha, naye Sabiri akaachwa hapahapa mbele ya watu. Tangu hapo hata nimwite vipi, haji. Nilipomwona nawe nikashangaa, mdomo ukaniponyoka. Nisamehe, mdogo wangu."

Hafsa akapiga simu palepale.

"Uko wapi?"

"Horohoro, mpakani. Kwenye foleni ya pasi."

"Usigongewe muhuri. Nakuja."

"Hafsa, basi litaniacha."

"Likuache."

Alikodi teksi. Alipofika, basi lilikwisha vuka mpaka, na Sabiri amekaa juu ya sanduku la vifaa vyake kati ya malori, jasho limemlowesha shati.

"Mbona hukunijibu siku ile?" Hafsa aliuliza.

"Niliona aibu. Ningekwambia niliachwa pale, ungeniona mtu wa kuachwa."

"Nami nikakuacha palepale."

"Ukaniacha, ndiyo."

Hafsa alimfuta vumbi shavuni kwa ncha ya mtandio, madereva wakitazama. "Kazi ya Mombasa unaitaka?"

"Nilikuwa naikimbia Tanga."

"Basi sikiliza. Nakutaka uwe mume wangu. Kama hunitaki, sema sasa nijue."

Safari hii Sabiri hakuinamisha kichwa. "Nakutaka, Hafsa. Nilikutaka tangu kwenye zile nyanya."

Hafsa alibonyeza namba. "Shikamoo baba. Sijambo. Yupo mtu anataka kuja Mwera kuongea nawe, huyu hapa."

Akampa simu. Sabiri akasimama wima, akafunga kifungo cha shati cha juu kabisa, akaiweka simu sikioni.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Sabiri."