Kadi Zisizo na Jina la Bibi Harusi

"Muoaji ni nani, ami?"

"Zakir. Kijana wa Khatijabai, wa lile duka la leso Biashara Street."

Mkono wa Lamis ukasimama juu ya karatasi. Alikuwa ameshika kipande cha sponji chenye wino wa zambarau, akiuzungusha polepole kutoka pembeni kuingia ndani, ukutane na wa machungwa pasionekane mpaka. Ndiyo kazi yake hiyo. Wino ukikauka, huweka juu yake chuma cha kukatia alichofuliwa na fundi Thoya wa Makupa, akakipiga nyundo moja, karatasi ikatoka na tundu la umbo la ua kama yale ya milango ya Mji wa Kale. Watu walimjia kwa kadi za Idi, za uzazi, za harusi. Na leo ami yake mwenyewe, ndugu wa babake, alikuja na harusi ya Zakir.

Zakir huyo ndiye aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili mchana, shangazi aliyeishi naye akilala, akimwambia asubiri, atazungumza na wazazi wake.

Ami Abdulghafur alisimama mlangoni akitazama dari. Alisema maneno ya ndani watapiga chapa wengine, na akayataja kwa mdomo: Bwana Abdulghafur na jamaa zake wana furaha kukualika katika harusi ya binti yao na Bwana Zakir. Jina la bibi harusi halikutajwa, maana kwao jina la mwanamke haliandikwi kwenye kadi likatembezwa mjini. Wala Lamis hakuhitaji kuambiwa. Ami alikuwa na binti mmoja tu, Mwanasiti, na mji mzima ulishasema kwamba ana mchumba.

"Umesikia, mwanangu? Una neno?"

Lamis aliinamisha kichwa. Maneno alikuwa nayo ya kujaza gunia, lakini atasema nini? Kwamba mkwe wa ami ni mpenzi wake wa simu?

"Alhamdulillahi," alisema ami, akateremka ngazi mbio mbio kama aliyetua mzigo.

Shangazi alimkuta analia juu ya karatasi zake. Hakuuliza sababu. Alimfuta machozi kwa pembe ya leso, akamwambia alie tu, hata yeye alilia sana zamu yake ilipofika. Lamis akazidi kuchanganyikiwa. Shangazi alijua habari za Zakir tangu lini? Na yeye aliachwa na nani? Chakula kilipomshinda Lamis, shangazi alicheka akasema ndivyo ilivyo.

Jumapili simu ililia.

"Ami yako alikuja?" aliuliza Zakir.

"Alikuja."

"Akakwambia?"

"Akanambia."

"Nasikia hukusema neno. Nimefurahi, Lamis. Niliogopa utakataa."

"Nikatae mimi kama nani?"

Zakir alicheka, cheko lake lile lile la siku zote. "Na kadi wazifanya mwenyewe?"

"Ungetaka azifanye nani?"

"Basi zifanye kwa mapenzi."

Lamis aliweka simu chini. Mtu gani humwacha mwanamke kisha akamuagiza amtengenezee kadi kwa mapenzi? Alimchukia, na papo hapo alitamani simu ilie tena. Usiku alilala akimtukana, asubuhi akaamka akimtetea. Huenda wazazi wamemlazimisha. Lakini wa kulazimishwa hucheka vile?

Kadi alizifanya. Rangi ya machungwa aliiweka kando, akachanganya buluu iingie kwenye nyeusi, kila kadi giza tupu kuzunguka tundu la ua. Shangazi alipouliza mbona hivi, alijibiwa kwamba ndiyo fasheni. Siku ya kuzipeleka, Lamis alifunga mkoba kabisa. Atazikabidhi, na kesho atapanda basi la Lamu kwa jamaa za mamake, na Zakir hatamuona tena. Hilo tu ndilo alilokuwa na uhakika nalo.

Nyumbani kwa ami, mtaa wa Kuze, mlango alifungua Mwanasiti. Alichukua kadi moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Lamis, ni harusi au ni matanga?"

"Harusi ni yako. Wino ni wangu."

"Yangu?" Mwanasiti alimkodolea macho. "Wangu mimi bado yuko Khartoum yuwasoma. Bibi harusi ni wewe. Kwani baba hakukwambia?"

"Alisema ni binti yenu."

"Na wewe si binti yetu?"

Lamis alikaa kwenye ngazi. Babake alifariki yeye akiwa mdogo, na walii wake, wa kumuoza, ni ami, kwa hiyo kadi ingetoka kwa jina la ami. Ami, kwa haya zake za kizamani, alishindwa kusimama mbele ya msichana na kumwambia utaolewa, akazungukia huku na huku. Shangazi, aliyejua habari ya posa, siku ile aliyasikia yote akiwa jikoni, akaona habari imefika na machozi yale ni ya bibi harusi.

Furaha ilimpanda hadi kichwani. Nyuma yake ikaja hasira. Nusura apande basi la Lamu kwa sababu ya haya za ami. Alinyanyuka, akaenda hadi kwenye pazia la ukumbini, na upande wa pili ami alikuwa ameketi na Zakir na babake Zakir wakizingoja kadi.

"Ami, nani aliniuliza kama nataka kuolewa?"

Ami aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Nilikuuliza kama una neno," ami alijibu kwa shida. "Ukanyamaza. Tukajua umeridhika."

"Nilinyamaza kwa uchungu, ami. Nilidhani Zakir yuwamuoa Mwanasiti. Mkoba wangu uko tayari, kesho nilikuwa naenda zangu Lamu."

"Lamis..." Ilikuwa sauti ya Zakir.

"Wewe nyamaza kidogo. Naona nyumba hii mwenye kunyamaza ndiye huozwa."

Babake Zakir alikohoa kuficha kicheko. Ami alisogea karibu na pazia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, Zakir amekuposa. Wamtaka?"

Lamis hakujibu. Mwanasiti, aliyemfuata, alimfinya, hakujibu. Ukumbini hakuna aliyethubutu kusema alhamdulillahi.

"Kimya chako sikitaki tena," ami alisema. "Nambie."

"Namtaka," alisema Lamis, kwa sauti iliyosikika hadi barazani, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba neno "simtaki" nalo angelitamka vivyo hivyo.