Stesheni ya Kina Sumaya

Jambo la kwanza aliloliona Sumaya ni kwamba chaki iliiruka Kibera. Mwalimu Mulwa alikuwa akichora ubaoni reli ya kutoka Nairobi hadi Butere. Alitia nukta Dagoretti, Kikuyu, Limuru, akaendelea hivyo, ilhali kila asubuhi treni ilipita nyuma ya darasa lao, pale Soweto West, Kibera, mabati yakatetemeka.

"Siku ya wazazi mtasimulia historia ya reli hii," alisema mwalimu. "Kila mmoja ataje stesheni ambako wazee wake walipandia treni kuja Nairobi."

Elvis alichagua Luanda. Kagiri akachagua Limuru. Sumaya, msichana asiyependa kutazamwa, hakuwa na stesheni. Jioni, nyumbani Lindi, mtaa mwingine wa Kibera, alimwendea bibi yake, Batul, aliyekuwa akipika gurusa, chapati nyepesi za Wanubi.

"Haboba," alimwita bibi kwa Kinubi, "babu yako alipandia treni wapi?"

"Treni gani? Alikuwa askari wa Waingereza. Alipewa makazi hapa palipokuwa msitu. Akafyeka, akajenga, akazaa, akafia hapa hapa."

Kesho yake Elvis aliposikia hayo alicheka. "Wewe sema tu Naivasha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Usituchomee, bana! Utasimama hapo kama mlingoti, utuaibishe?"

Siku ya wazazi, wenzake walitaja stesheni zao wakapigiwa makofi. Zamu ya Sumaya ilipofika, alisogea hadi ubaoni.

"Naivasha! Naivasha!" Elvis alinong'ona.

Sumaya akamgeuzia mgongo. Akachukua chaki, akatia nukta kubwa karibu na Nairobi.

"Hii ni Kibera," alisema. "Babu wa bibi yangu hakuja kwa treni. Alikaa hapa."

"Ai! Sasa huyu ushago kwao ni wapi?" mama mmoja aliuliza kwa sauti, kwani kila Mnairobi hutarajiwa kuwa na kijiji cha asili nje ya jiji. Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu Mulwa akainuka. "Msimcheke. Nukta hiyo niliiacha mimi, na kosa ni langu. Watoto, huyu angeweza kuazima stesheni ya uongo akapigiwa makofi. Amekataa. Semeni ukweli wenu hata kama hakuna wa kuwapigia makofi."

Kicheko kikaisha. Lakini Sumaya hakurudi kitini. Swali lile alikuwa akiulizwa tangu chekechea, na kila mara aliinamisha kichwa. Sasa alimtazama yule mama machoni.

"Ushago kwetu ni hapa," alisema.