Sauti ya Nne

Jumanne asubuhi, Masikio alitoka kuoga, akaweka kiganja juu ya laptop yake, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto. Si joto la mashine iliyofanya kazi, bali moto wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Na jana jioni aliizima mwenyewe, akachomoa chaja, akaifunga.

Jina la Masikio alipewa na wateja. Kazi yake ilikuwa kunukuu: watafiti na mawakili walimletea mahojiano yaliyorekodiwa, naye alivaa hedifoni, akasikiliza na kuandika neno kwa neno, akionyesha nani kasema nini. Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili. Mtu akinyamaza, aliandika kwenye mabano: kimya. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoishi na mumewe, muuguzi wa zamu, pamoja na mama wa mume huyo. Mama alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona vivuli tu, akisubiri siku yake ya upasuaji.

"Umetumia kompyuta yangu?" Masikio alimwuliza mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini.

"Mimi? Hata soksi sijavua."

"Basi nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye unayeshinda nayo kutwa, mkiongea."

Alisema kwa utani, ila utani wenyewe ulichoma. Siku za karibuni muuguzi alikuwa akimkuta mkewe na hedifoni masikioni, akitabasamu peke yake, na mara mbili alipomgusa bega mke alishtuka na kufunga kifuniko. Masikio naye alikuwa na lake. Kila mara mume alipokuwa na zamu ya usiku, asubuhi yake alikaa chumbani na mama yake, wakinong'ona. Akipita yeye, wananyamaza.

Kwa hiyo moto ule kila mmoja aliusoma kivyake. Masikio aliamini mumewe anaichungulia mashine. Mume aliamini mkewe ana mtu humo ndani.

Jumatano laptop ilikuwa ya moto tena. Alhamisi Masikio alibandika uzi wa kushonea kwenye kifuniko, kwa gundi kidogo, amnase mtu. Aliporudi kutoka dukani uzi ulikuwa palepale, mzima, na chini yake bati lilikuwa linachoma. Akainama kusikiliza. Feni ya ndani ilikuwa inazunguka, taa zote zimezimika. Haikuvuma moja kwa moja kama feni. Ilivuta, ikatua, ikatoa. Ikavuta, ikatua, ikatoa. Kisha akainusa harufu, na haikuwa ya plastiki iliyoungua. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, vumbi na magodoro yaliyooza.

Akaifunga kwenye taulo, akaipeleka kwa fundi.

Fundi aliitwa Bisibisi, na kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka. Aliifungua, akapuliza vumbi, akasafisha feni, akapaka dawa mpya ya kupoza.

"Haina ugonjwa wa kutisha, dada. Vumbi tu. Ila niachie. Natoa betri, ilale, kesho mchana njoo."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Bisibisi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa chini sana.

"Dada, njoo uchukue mashine yako."

"Imepona?"

"Njoo tu."

Alimkuta nje ya kibanda, mlango nusu umefungwa. Laptop ilikuwa sakafuni, mbali na mashine nyingine, na kutoka mlangoni alisikia ikivuta na kutoa.

"Betri iko wapi?" Masikio aliuliza.

Bisibisi akavuta droo. Betri ilikuwa humo, ya baridi, imefungwa kwenye gazeti.

"Asubuhi niliiunganisha na umeme kuijaribu," alinong'ona. "Ikafungua yenyewe ukurasa. Jana jioni, kabla sijafunga, niliongea na mke wangu kwa simu, mambo yetu ya ndani. Nimeyakuta yote yameandikwa, dada. Yangu na yake. Sauti ya Kwanza, Sauti ya Pili."

"Kuna programu za kurekodi," Masikio alisema, na moja kwa moja akamfikiria mumewe. "Mtu anaweza kuiweka kwa siri."

"Zipo. Lakini programu inakula umeme. Hii ilikuwa inakula nini?"

Alirudi nayo nyumbani kwa sababu kazi za watu zilikuwa humo, na pia kwa sababu, ukweli usemwe, alitaka kusoma. Mume alikuwa amelala. Mama alikuwa kitandani kwake. Alirudisha betri, akafungua, akakuta kabrasha asilolijua, lina mafaili kumi na tisa. Akafungua la juu.

*Sauti ya Kwanza: Mama, nikimrudisha kwao utanielewa? Sauti ya Tatu: Mwanamke asiyetoka ndani ana sababu yake.*

Akaibeba hadi chumbani, akamwamsha mumewe kwa kumtupia mto. "Mnanipangia safari, sivyo? Wewe na mama yako!"

Muuguzi alisoma mara mbili. "Sikusema hivi. Nilimwambia mama una siri, basi. Hili la kukurudisha kwenu sijawahi kulitamka." Akashusha ukurasa, akafungua faili jingine, uso ukabadilika. "Na hili? 'Sauti ya Pili: Nimechoka kumwosha mama wa mtu. Natamani siku moja niamke nisimkute.'"

Masikio alikaa kitandani. Sentensi ya kwanza aliisema kweli, bafuni, maji yakiwa wazi, hakuna wa kumsikia. Ya pili hakuisema. Hakuisema kabisa. Lakini kwa kuwa ya kwanza ilikuwa yake, uso wake ulishakiri yote mawili.

"Kumbe," mume alisema polepole.

Wangeweza kuachana mchana ule. Baadaye kila mmoja alikiri kwamba alishaanza kuhesabu nguo zake kichwani. Kilichowazuia ni kwamba mume, akiwa bado anashusha kurasa ili apate kingine cha kumhukumu nacho mkewe, alikwama kwenye mstari mmoja.

"Sisi tuko wangapi humu ndani?"

"Watatu. Kwa nini?"

"Sauti ya Nne ni nani?"

Walisoma wakiwa wamegusana mabega. Mafaili ya saa nane mchana, saa ambayo mume alikuwa usingizini na mke sokoni au kwa mteja, yalikuwa ya watu wawili tu. Mama alikuwa anasimulia ujana wake, kisima cha kwao, dada yake aliyekufa. Na kila alipotua, mwenzake alijibu. *Sauti ya Nne: Endelea. Sauti ya Nne: Mimi sichoki. Sauti ya Nne: Kesho nitakwambia wanayoyasema juu yako.*

Ndipo waliposikia, kutoka sebuleni ambako hakukuwa na mtu Masikio alipoingia chumbani, mama akizungumza kwa sauti laini, akitua, akicheka kidogo, akiendelea, na walipokifungua kitasa taratibu na kuchungulia kwa upenyo usiozidi kidole, waliona jua la alasiri limejaa meza nzima, wakamwona mama ameketi upande wake amekunja mikono, na mbele yake kiti cha Masikio kimevutwa nyuma kama kinavyovutwa na mtu anayetaka kukaa vizuri, mto wa kiti umebonyea katikati, ukibonyea zaidi kila mara kama aliyekalia anasogea mbele asikie, na ile harufu ya chumba kilichofungwa ikawajia usoni, ya moto, kama pumzi.

Kiti kikasogea. Kikageukia mlango.

"Mbona umenyamaza?" mama alikiuliza. "Kuna nini?"

Muuguzi aliufunga mlango.

Hospitalini kwake walimjua mzee mmoja mfuga nyuki, aliyeleta asali ya vidonda, na ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyo na kipimo cha maabara. Alikuja kesho yake saa nane kamili, kwa kuwa alisema hiyo ndiyo saa ya huyo mgeni wao. Hakuleta kitu. Aliwakalisha wote watatu mezani, akaiweka laptop katikati, akaitegea sikio kama anavyoutegea mzinga.

"Ni jini," alisema. "Mashine haina kosa, kajikunja humo tu. Nani alimwita?"

Masikio aliinamisha kichwa.

"Mwanangu, mimi nimeuliza."

Masikio alianza kulia. Alieleza kwamba mwezi uliopita mtafiti alimletea mahojiano yaliyofanyika katika nyumba isiyokaliwa. Mahojiano yalikwisha, mtafiti akasahau kuzima kinasa sauti, kikaendelea kunasa kimya dakika arobaini. Angeweza kukata pale. Lakini alikuwa Masikio. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akasikia kitu kama mtu anayekaribia kusema. Akarudia siku nne, akitabasamu kwa ujuzi wake. Siku ya nne akasema kwa mzaha: Sema basi, nakusikia.

"Hukumfungulia mlango," mzee alisema. "Umemfungulia sikio. Na yeye anaishi kwa kusikiliza yanayofichwa. Yasipofichwa atakosa chakula. Semeni."

Ilikuwa saa ngumu kuliko zote katika ndoa yao. Masikio alisema la bafuni, mbele ya mama mwenyewe. Muuguzi alisema kwamba aliwahi kumfuata mkewe njiani mara tatu, akijificha, amwone anakutana na nani. Kila mmoja aliposema, feni ilikwama, ikapungua. Lakini bati bado lilichoma.

"Bado kuna moja," mzee alisema, akamgeukia mama.

Mama alikaza midomo. "Mimi sina siri."

Feni ikavuma kwa nguvu. Meza ikaanza kunuka mbao zinazoungua.

"Nilijua," mama alisema ghafla. "Tangu siku ya kwanza nilijua si mtu. Kivuli chake hakikuwa na shingo. Lakini aliniuliza jina la dada yangu. Nyinyi mmeniosha, mmenilisha, sikatai, Mungu awalipe. Ila katika nyumba hii, nani mwingine ameniuliza kitu?"

Muuguzi alishuka kitini.

"Mwambie aondoke, mama," muuguzi alisema. Alikuwa amepiga magoti. "Mimi nitakuuliza. Nitakaa hapa kila siku."

"Utalala. Unachoka, najua."

"Sitalala."

Mama alinyoosha mkono, akaugusa mfuniko ule wa moto bila kuuondoa haraka. "Haya, nenda," alisema. "Asante." Akalia kama anayezika.

Kiti kilisogea nyuma. Pazia la mlangoni likapanda juu, likashuka. Feni ikatoa pumzi ndefu, haikuvuta nyingine, na walipogusa bati lilikuwa la baridi kama kigae.

Toka siku hiyo waligawana saa nane. Siku zake muuguzi alikaa na mama akijifinya asisinzie, siku nyingine Masikio aliacha kazi na kuketi. Mama akanenepa. Nyumba ikatulia, na mke na mume wakaanza tena kutaniana bila kuumizana.

Wiki ya tano Masikio alicheleweshwa na mteja, dakika ishirini, si zaidi. Alipanda ngazi mbili mbili. Mama alikuwa mahali pake, ametulia, anatabasamu.

"Nimechelewa, mama, nisamehe. Haya, nisimulie."

"Basi," mama alisema, "yule mwanamume akachukua ile kamba."

"Mwanamume gani?" Masikio aliuliza. "Kamba ipi?"

Mama alimgeuzia macho yake meupe, akashangaa.

"Si nimeshakwambia huko mwanzo?"