Tajiri Alinunua Makoti, Behewa Likala Mguu wa Mwanangu

Nina miaka sabini na ushee, mjane, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale. Sikusoma, mimi nasema, jirani yuwaandika. Lakini ulimi wangu mzima! Sauti ya mtu nikiisikia mara moja, naiweka. Watu hunambia, "Bi Rehema, hebu tuigie muuza samaki mwenye mafua!" Nikiiga, wavunjika mbavu...

Leo siigi kwa kuchekesha.

Mwanangu Mbwana, kitindamimba wangu, alikuwa mpakuzi kwenye godauni moja Shimanzi. Mimi nikiwapikia wapakuzi chakula cha mchana. Godauni lile lina reli yake lenyewe, yachepuka kutoka njia kubwa mpaka ndani ya uwa. Mabehewa ya ngano huachwa pale, watu wakapakua. Na uwa ule una mteremko mdogo, hata jicho halioni... Gurudumu laona!

Mwajua behewa likizuiwa na nini? Jiwe! Jiwe la matumbawe, kama la kuinjikia chungu!

Wapakuzi wakalalamika. Tajiri mwenye godauni akamwita muuzaji wa vifaa vya usalama. Nilikuwa namimina kahawa, nikasikia yote. Muuzaji akaweka mezani kabari ya chuma ya kufunga gurudumu. Akaonyesha picha ya chuma kingine, hicho hubanwa juu ya reli. Behewa likitoroka, chaliangusha kando kabla halijafika kwa watu. Mwisho akatoa makoti ya kung'aa.

Tajiri husemea puani, utadhani amebanwa na kibanio cha nguo. "Mmm... hivyo vyuma nani atakayeviona? Lete makoti! Wageni wakija wakaona makoti, watajua hapa pana usalama. Vyuma mwakani, inshallah."

"Lakini tajiri, koti halizuii behewa," muuzaji akasema.

"Mmm... jiwe lipo."

Jiwe lipo! Jamani, maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sasa sikizeni. Wapakuzi wetu hula sinia moja, na uwani hakuna kivuli ila cha behewa. Sinia huwekwa kati ya reli, mbele ya behewa, wao wakakaa juu ya chuma cha reli, makoti yakimeremeta kama masultani. Siku hiyo nilipika wali wa nazi na papa. Behewa lilikuwa bado limejaa ngano. Jiwe likamomonyoka... Lilikuja kimya kimya, hata halikupiga kelele! Wenziwe wakaruka. Mbwana alikuwa amelipa behewa mgongo.

Mguu wa kulia ukakatika, juu ya goti...

Tajiri alikuja hospitali. Mwajua la kwanza alilouliza? "Mmm... Bi Rehema, koti alikuwa amevaa?"

Alikuwa amevaa! Lilimng'aria mpaka mlango wa chumba cha kupasulia! Nililia? Nililia. Kisha nikafuta machozi... nikangoja.

Haukupita mwaka, tajiri akaoza binti. Siku ya hina, wanawake wa Kizingo mpaka wa Kuze wamejaa, wakwe wamekaa mbele. Mke wa tajiri, kwa hiari yake mwenyewe, akanambia, "Bi Rehema, tuchekeshe kidogo, mamangu."

Nikasimama. Nikatia leso mabegani mfano wa koti, nikabana pua. Nikaiga yote: muuzaji, vyuma, makoti, jiwe lipo. Wakacheka mpaka machozi! Nikafika hospitali: "Mmm... koti alikuwa amevaa?" Kicheko kikakatika... Mama wa bwana arusi akauliza polepole, "Ni nani huyo?"

Nikamnyooshea kidole mke wa tajiri. "Muulize huyu mwenye arusi."

Arusi haikuvunjika, sitasema uongo. Lakini tajiri akipita mjini, watu wabana pua: "Jiwe lipo!" Vyuma vikafungwa wiki ile ile. Mke wake akanijia akilia, "Msamehe, Bi Rehema, aona haya hata kutoka nje." Nikamwambia, "Na wangu je, yuwatoka?"

Sijasamehe. Wala simwombei.

Nyinyi wenye reli zenu, nawasihi, nunueni kinachozuia gurudumu, si kinachopendeza macho ya wageni! Nanyi wapakuzi, kabla ya kutia mkono siniani, inameni mtazame gurudumu limefungwa na nini. Na msikae relini, hata jua liwachome!

Kila sauti naiweza mimi. Lakini juzi Mbwana alinambia, "Mama, hebu niigie nilivyokuwa nikipanda ngazi." Nikapiga sakafu kwa viganja, hivi na hivi... Haikutoka. Hatua zake nimezisahau.

Hiyo, tajiri, utanirudishia na nini? Koti?