Sauti Iliyobaki Kwenye Michai

Wachumaji walimkuta Phelix Ouko amelala chali kati ya michai, ukungu ukiwa bado umetanda. Shingoni alikuwa na alama za vidole. Viatu vyake vilikuwa kando, vimepangwa sambamba kama vya mgeni mlangoni.

Inspekta Nelvine Chelangat alimwombea kimoyomoyo, kisha akamnusa kwenye paji la uso. Mafuta ya zeituni.

Phelix alianzia kwaya ya kambi ya wafanyakazi, akaishia kwenye kumbi za Nairobi na Kampala akiimba panki, muziki wa mayowe. Kila likizo alifanyia mazoezi humu shambani. Wapita njia walikuwa wakitimua mbio.

Umati ulikwisha kupata muuaji wake: Kiplangat, mfugaji jirani. Mawe yalikuwa mikononi. Konstebo wawili walimkinga.

"Ulimtisha marehemu?" Inspekta akamuuliza.

"Nilimtukana tu, afande. Akianza kunguruma, ng'ombe zangu zinakataa kutoa maziwa. Sasa ndio nimuue?"

"Ukiomba, unavua viatu?"

"Na hii baridi ya Kericho? Zii!"

Inspekta akatazama kanisa la mabati kule kambini, ambako waumini huacha viatu nje. Kisha akamtazama kiongozi wa kwaya, Gordon, kaka mkubwa wa marehemu.

"Pole, Gordon. Nani alimpaka mdogo wako mafuta?"

Kabla hajajibu, mngurumo ulipasua ukungu. Sauti ya Phelix! Ilitoka chini, karibu na maiti. Umati ukarudi nyuma. Mawe yakadondoka.

Gordon alipiga magoti. "Toka! Si nilikutoa jana?"

"Ulimtoa nani?"

"Pepo, afande! Niliapa nitamrudisha Phelix wetu wa kwaya. Nikamvua viatu, nikamwombea. Pepo akanguruma, nikamkaba koo, maana ndiko alikokaa. Aliponyamaza nikamshukuru Mungu. Nikamwacha apumzike."

Chelangat alipekua matawi, akatoa simu. Ilikuwa ikilia kengele ya kukumbusha mazoezi: wimbo wa Phelix mwenyewe. Akaisogeza kwenye sikio la Gordon.

"Sikiliza maneno."

Ndani ya mayowe mtu alikuwa akisihi: *Mama ameanguka kwenye michai, Bwana, mwinue. Kaka yangu analia, Bwana, mfute machozi.*

"Hukuwahi kumsikiliza?"

"Nilikuwa naziba masikio, afande."

Kiplangat akaachiwa. Pingu zikafungwa. Simu ikatoa yowe la mwisho, refu, kisha ikasema taratibu, "Amina."

Na umati, kwa mazoea, ukaitikia.