Mfalme Aliyekataa Farasi

Kila asubuhi Sindano, msichana aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na ukali wa ulimi, alifuta ubao kisha akachungulia kabati la vitabu. Ndani mlikuwa na kamusi kubwa ya Kiingereza. Mwalimu aliahidi kwamba atakayefanya vizuri zaidi kazi ya wiki hiyo angekabidhiwa ufunguo wa kabati, na kamusi angekwenda nayo nyumbani.

Kazi yenyewe ilihusu kitenzi "walk", yaani kutembea: maana yake, matumizi yake na asili yake. Maana na matumizi hayakumsumbua. Asili ndiyo iliyomtoa jasho. Badala ya kuuliza, akatunga: eti hapo kale aliishi mfalme Waloki, aliyekataa katakata kupanda farasi, akaenda kila mahali kwa miguu, na kutoka jina lake likazaliwa neno "walk".

Ijumaa mwalimu alirudisha madaftari, uso ameukunja. "Mfalme huyu nimemkuta kwenye madaftari mawili. Nani kanakili kwa mwenzake?"

Sindano akamwangalia kwa jicho la pembeni Mpole, jirani yake wa dawati. Juzi alipokwenda kunywa maji, si alimwachia huyuhuyu daftari? Na mbona leo anainamisha kichwa? Hasira zikampanda.

"Ni Mpole, mwalimu. Mfalme ni wangu."

"Utathibitishaje?"

"Hakuna mwingine anayemjua, kwa sababu..." Akimalizia maneno hayo, ufunguo ameukosa. Akinyamaza, Mpole huenda akauchukua yeye.

"Kwa sababu nilimtunga, mwalimu. Hajawahi kuwapo."

Darasa zima likaangua kicheko. Sindano aliona aibu mpaka akatamani kuingia chini ya dawati.

Mpole akasimama taratibu. "Nilinakili, mwalimu. Nilidhani yeye anajua. Hata mdogo wangu nimemsimulia, naye kawasimulia wenzake darasa la tatu."

Mwalimu alifungua kabati, akasoma kwenye kamusi: zamani sana neno hilo lilikuwa na maana ya kubingirika. Hapakuwa na mfalme wala farasi.

"Ufunguo nabaki nao," alisema. "Mpole, umechukua kazi isiyo yako. Sindano, ungeandika 'sijui', ningekufundisha. Sasa wapo watoto wanaoamini uongo wako, na hawajui hata umetoka wapi. Nendeni mkawaeleze."

Walikwenda pamoja darasa la tatu. Mdogo wake Mpole aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawatazama kwa mashaka.

"Na hili la kubingirika," aliuliza, "nalo mmelitunga?"