Magunia Nyuma ya Ukuta wa Kanisa

Kila Jumapili ibada ikiisha, washirika walitoka uani kunywa chai, na kila Jumapili Kengele aliwatazama kwa hasira. Mtu mmoja alitumia vikombe vitatu vya plastiki: kimoja cha chai, kimoja cha maji, na cha tatu cha kutilia karanga. Kisha aliviacha vyote juu ya kiti akaenda zake kusalimia watu. Kengele, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake isiyojua kunong'ona, alikuwa na miaka kumi na miwili na ndiye kiongozi wa watoto wa zamu ya usafi.

Kanisa lilikuwa limeweka ahadi ya kutunza uumbaji wa Mungu. Mchungaji aliihubiri mara kwa mara, na shangazi yake Kengele, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, aliisimamia kwa daftari na kalamu. Saa saba kamili alikagua uwanja wote, kuanzia langoni hadi ukuta wa nyuma, akatoa alama. Kufikia saa hiyo taka zilipaswa kuwa zimetiwa kwenye magunia na kupelekwa juu kabisa ya kilima, mahali linapopita gari la taka.

Watoto wa zamu walikuwa sita. Lakini magunia yalipojaa tu, mmoja aliumwa tumbo, wa pili aliitwa na mama yake, na wengine waliyeyuka bila hata kutafuta kisingizio. Kengele alibaki peke yake na mzigo wote.

"Hivi hawa watu wana nini?" aliuuliza ufagio wake.

Jumapili moja uvumilivu ulimwishia. Alitazama kilima, akatazama gunia, kisha akaliinua na kulirusha nyuma ya ukuta. Lilidondoka mferejini, puu! Shangazi alipita na daftari lake, akatabasamu kwa furaha. Ng'ambo ya ukuta hakuchungulia.

"Kumi juu ya kumi! Huyu ndiye mwanangu!" alisema.

Jumapili iliyofuata Kengele alirusha magunia mawili. Ya tatu, akarusha matatu.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa nzima. Jumamosi asubuhi mwalimu wa kwaya aliingia kanisani ameshika joho la kwaya kwa ncha za vidole. Kabla ya mvua lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na madoa meusi hadi kifuani. Nyuma yake alikuja dobi aliyefua majoho hayo, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa bondeni, nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Haya ni majoho au matambara ya kupigia deki?" mwalimu alifoka. "Kesho kwaya ivae nini?"

"Mwalimu, maji yaliingia ghafla," dobi alisema. "Miaka kumi na mmoja nafua pale, na mfereji haujawahi kufurika."

"Mvua imemnyeshea kila mtu. Mbona maji yaingie kwako tu? Umezembea, basi! Majoho tutapeleka kwingine, na kesho nitawatangazia washirika wote."

Shangazi naye akaingilia. "Nyinyi wa huko bondeni mnatupa taka ovyo. Hapa kwetu njoo hata sasa hivi, hutaona karatasi chini."

Dobi alikuwa amechoka, na suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini. Karibu wateja wake wote walikuwa washirika wa kanisa lile. Tangazo hilo lingetolewa, angefunga kazi.

Kengele alikuwa nyuma ya viti na ufagio wake. Aliwakasirikia wanywa chai, akawakasirikia wenzake waliokimbia, akamkasirikia hata shangazi na kalamu yake. Lakini magunia hayakujirusha yenyewe. Alimsogelea shangazi yake, akakusudia kumnong'oneza.

"Shangazi, ni mimi! Magunia sita ya taka nimeyatupa mferejini!"

Walisikia mpaka watu wa barabarani.

"Wewe?" Shangazi alishika kichwa. "Unanitia aibu hivi mbele za watu? Kwa nini hukuniambia kama kazi imekushinda?"

"Nilikuambia! Nilisema wenzangu wanakimbia, ukasema kiongozi halalamiki. Nilisema vikombe ni vingi mno, ukasema nisikose adabu."

"Ndiyo ukamrushie jirani?"

"Hapana, shangazi. Hapo nimekosa." Alimgeukia dobi. "Nisamehe, mjomba. Nilijua kuna watu huko chini, ila sikutaka kufikiri."

Mchungaji alikuwa ametoka ofisini kwa zile kelele. "Twendeni tukaone," alisema.

Njia ya kuzunguka ukuta ilichukua dakika tano tu, lakini shangazi hakuwahi kuipita. Chumbani mwa dobi alama ya maji ilikuwa imefika urefu wa magoti. Mke wake alikuwa akikamua mashuka ya watu, moja baada ya jingine, bila kuinua kichwa. Nje, magunia yalikuwa yamepasuka na kuuziba mfereji, na vikombe vilielea kila mahali.

Mchungaji alivua viatu, akashuka mferejini. Mwalimu wa kwaya naye alikunja suruali akamfuata, huku akinung'unika kila alipookota kikombe.

"Na hiki! Na hiki! Watu gani hawa wanakunywa chai kama wanazima moto?"

"Ni sisi," mchungaji alimjibu.

Mwalimu aliinama akaendelea kuokota. Maji yalipoanza kupita, alipanda akamwendea dobi.

"Ndugu yangu, nimekuvunjia heshima bure. Majoho yabaki kwako. Kesho kwaya itaimba imevaa nguo za nyumbani, na nitawaeleza washirika sababu."

"Na vikombe vya plastiki vimekwisha leo," shangazi alisema. "Anayetaka chai aje na kikombe chake. Magunia tutabeba wakubwa kwa watoto."

Kisha mchungaji alimwita Kengele.

"Mwanangu, umesema kweli, na ukweli huo umemwokolea mtu kazi yake. Ila kosa ulilifanya ukijua, kwa hiyo utasaidia kufua mpaka majoho yarudi kuwa meupe. Sisi wakubwa tumekosa zaidi. Tulidhani tunatunza uumbaji kwa sababu uwanja wetu ulipendeza, kumbe uchafu tumeuhamishia kwa jirani tu. Mungu hakuumba uwanja wetu tu. Ukitaka kujua kama tunatunza alichoumba, muulize anayekaa mahali maji yetu yanapoteremkia."

Dobi alileta ndoo mbili. Kengele alichukua moja, na kabla hajafikia ya pili, shangazi yake alikuwa ameshaishika.